Maswali ya Wasomaji: Shanga za Cheki, marijani ya bibi na bei za dukani

*SWALI: Mhariri salaam. Mimi natunga shanga hapa Malindi, nauza bangili na mikufu ufuoni, wateja wangu wengi ni Wataliano. Duka ninalonunua lina shanga za China na hizi wanaita za Cheki, ambazo bei iko juu karibu mara mbili. Nikiuliza kwa nini naambiwa tu "hizo ndo orijino mama". Kwani tofauti iko wapi, ama tunauziwa jina? – Mama Bangili, Malindi*

Mama Bangili, jina unauziwa kidogo, hilo sikatai, ila si jina peke yake. Shanga hizo zinatoka kaskazini mwa Ucheki, mji unaitwa Jablonec nad Nisou na vijiji vya milima ya Jizera, karibu na mipaka ya Poland na Ujerumani. Watu wa huko wanafanya kioo tangu karne ya 16, na usidhani ni akili nyingi kuliko watu wengine, ni msitu tu. Tanuri la kioo linakula kuni mchana na usiku, halafu majivu ya ile miti yanatoa chumvi inayofanya mchanga uyeyuke upesi, na mito ya mlimani inazungusha mawe ya kunolea. Zamani miti ikiisha upande mmoja walikuwa wanahamisha tanuri lenyewe wanafuata msitu!

Sasa zile shanga ndogo unazotunga wewe zinavutwa. Kioo kikishayeyuka kinatiwa hewa katikati kisha kinavutwa mpaka kiwe mrija mrefu mwembamba, yaani tundu liko ndani tayari, kikipoa kinakatwa vipande vidogo vidogo, na hivyo vipande vinachanganywa na unga ili tundu lisizibe, vinazungushwa motoni tena mpaka zile kingo kali ziyeyuke kidogo na shanga ipate mviringo wake. Hapo ndipo pesa yako inapoingia. Shanga iliyopitishwa motoni harakaharaka inabaki na ukali kwenye tundu, inakata uzi pole pole, wewe umeshauza bangili na mteja ameshapanda ndege, anafika kwao inamwagika sebuleni. Kisha zinachekechwa kwa saizi, na kuchekecha vizuri ni gharama pia. (Saizi zenyewe zinaenda kinyume: nambari 11 ni kama milimita 2 na ushee, nambari 8 ni kama 3.)

Lakini sikiliza, hata za Cheki si zote rangi yake inakaa. Kuna zilizotiwa rangi tangu kioo kikiwa motoni, hizo hata ukioga nazo baharini miaka hazichujuki, na kuna zilizopakwa rangi baadaye, hasa pinki na zambarau, hizo jua la Malindi na jasho havizihurumii. Kabla hujanunua pakiti kubwa chukua chache, zisugue kwa pamba yenye dawa ya kutolea rangi ya kucha. Pamba ikibadilika rangi, rudisha. Na zile zenye fedha ndani ya tundu zinang'aa sana ila chumvi inazifanya nyeusi, mie nisingeziweka kwenye kikuku cha mguu.

Na Mtaliano akikwambia shanga nzuri ni za Venice usibishane naye, Venice walitangulia kweli, hata pale magofu ya Gedi kuna nyumba imepewa jina la shanga ya Venice iliyochimbuliwa humo. Muuzie tu.

*SWALI: Eti kuna kijiji Ulaya UNESCO wamekiandika kwa sababu ya kupuliza shanga? Sisi Lamu tumeandikwa kwa mji mzima, wao shanga tu? – Kijana wa Langoni*

Kakangu, hizo ni orodha mbili tofauti. Mji wa Lamu uliingia 2001 kwenye orodha ya majengo na mahali. Wao wako ile ya ujuzi na mila, ambayo hata mila za makaya ya Wamijikenda zimo tangu 2009. Kijiji ni Poniklá, milima ya Krkonoše hukohuko Ucheki, kimeingia 2020 kwa mapambo ya mti wa Krismasi ya shanga za kioo cha kupulizwa. Mrija wa kioo unapashwa moto ulegee, unawekwa kwenye kalibu, unapulizwa, unatoka mfululizo wa shanga zimeshikana, nyepesi, ndani tupu. Zinatiwa maji ya fedha kwa ndani, rangi kwa nje, nyingine zinachorwa kwa mkono, mwisho zinakatwa moja moja. Kabla ya habari za Krismasi shanga hizo zilikuwa za mikufu na nguo.

*SWALI: Bibi yangu aliniachia mkufu wa marijani nyekundu, wa zamani sana. Jirani kaniambia ni kioo cha Ulaya. Nitajuaje? – Bi Mkubwa mtarajiwa, Lamu*

Mwanangu, jirani yako anaweza kuwa na haki, usimkasirikie. Wafanyabiashara wa Jablonec karne ya 19 walikuwa wanatuma watu wao Afrika na Asia kuangalia wenyeji wanapenda kuvaa nini, sampuli zinarudishwa milimani, zinaigwa kwa kioo. Waliiga akiki, waliiga kaharabu, waliiga marijani, mpaka meno ya simba waliyatoa kwa kioo! Fimbo ya kioo inalegezwa motoni, inabanwa na koleo lenye kalibu, sindano inatoboa tundu hapohapo, shanga moja tayari. Na hata ukiambiwa ni ya Cheki bado hujamaliza, kwa sababu baada ya Vita vya Pili vya Dunia kuisha 1945 Wajerumani wa Jablonec walifukuzwa na wengi wakaanzisha kazi ileile Bavaria, mtaa wao wakauita Neugablonz.

Usiitie ndimu kama watu wanavyoshauri, marijani ya kweli itatoa povu sawa lakini itabaki na kovu. Chukua kioo cha kukuzia, angalia juani. Marijani ina mistari myembamba sana kama ya ubao. Ukiona mapovu madogo ndani, au mstari mmoja umezunguka shanga pale kalibu ilipokutana, au tundu limemeguka kwa kung'aa, hicho ni kioo. Kikiwa kioo pia usikitupe, kuna watu wanakusanya shanga za biashara za zamani na wanalipa. Mpelekee sonara akuangalizie, ila kaa hapohapo mpaka amalize, mkufu usiuache dukani.