Kishikio cha gia kilichopasuka: tatizo si gundi

SWALI: Nilikereza kishikio cha gia cha Toyota yangu kutokana na tawi la mninga, nikachonga hesi (mifereji ya skrubu) humohumo ndani ya mti. Baada ya wiki tatu kimepasuka juu na kinazunguka ovyo mkononi. Jirani ananishauri nijaze ufa kwa vumbi la mbao na supa gluu, kisha nipake vanishi. Je, inatosha? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Haitoshi, ndugu yangu. Ufa huo umeanzia ndani, kwenye moyo wa tawi, yaani kile kiini cha katikati kabisa, na utafunguka tena hata ukiuziba mara kumi.

Vishikio vya namna hii naletewa mara kwa mara, na karibu vyote vina historia moja: mtu amechukua tawi kwa sababu tayari lina umbo la duara, akaamini kwamba mninga hauhitaji kukaushwa kwa kuwa ni mti mgumu. Ni kweli mninga husinyaa kidogo kuliko miti mingi, lakini husinyaa. Mti unapokauka, hupungua kwa kufuata mzunguko wa pete zake takriban mara mbili ya unavyopungua kutoka moyoni kuelekea kwenye gome, na kipande kilichobeba moyo wake katikati hakina namna ya kuhimili mvutano huo isipokuwa kupasuka. Gari lililoegeshwa juani mwezi Septemba, wakati Tabora imekaa miezi bila mvua, hukikausha kwa siku chache, kazi ambayo ungeifanya wewe taratibu kivulini.

Tafuta kipande cha ubao kisicho na moyo, milimita 60 kwa 60, urefu 80, cha sehemu ya kahawia, kwa maana ile nyeupe ya nje huliwa na bungua. Paka nta kwenye ncha zake, kiweke kivulini penye upepo, ukipime kila wiki kwa mzani wa gramu. Uzito usipobadilika wiki tatu mfululizo, ndipo ukereze.

Hesi usiichonge ndani ya mti, kwa sababu nyuzi zilizokatwa kwenye ncha humeguka upesi. Tumia nati ya shaba. Toyota nyingi zina hesi ya M12 (kipenyo cha milimita 12) yenye hatua, yaani nafasi kati ya mfereji na mfereji, ya milimita 1.25, na Nissan nyingi M10 yenye hatua hiyohiyo, lakini pima liva yako mwenyewe. Toboa kwanza, gandisha nati kwa epoksi, kisha funga kipande kwenye bolti ya hesi ileile na ukikereze kikiwa hapo, ili umbo lifuate tundu. Ziba pua na mdomo, maana vumbi la mninga huweza kuamsha pumu.

Wanaonikera zaidi ni wanaookea mbao mbichi jikoni ama kuzianika juu ya bati kwa siku moja, wakasema zimekauka. Nje hukauka na kukaza huku ndani kukiwa na maji, nyufa huanza, vanishi huzificha, na mnunuzi huja kuzigundua akiwa mteremkoni anatafuta gia ya pili, kishikio kikabaki mkononi mwake. Kabla ya kununua, kigeuze utazame chini: ukiona kidoa kidogo kilichozungukwa na pete, huo ndio moyo; kirudishe mezani.