Anayemenya ni nani?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza ni nini kinachofanya watu wengine wale matunda na mboga za majani kwa wingi, na wengine wapitishe siku nyingi bila kuvigusa. Najua wengi watawajibu kuwa ni bei, na wengine watasema ni elimu. Mimi nimekulia Muheza, kwenye machungwa, na huu ni mwaka wangu wa 19 Dar es Salaam. Jibu langu ni mkono: tunda huliwa pale palipo na mtu wa kulimenya.

Miaka michache iliyopita baba yangu alilazwa siku 11. Kwetu huendi kumjulia hali mgonjwa mikono mitupu, basi kikabati cha kando ya kitanda kilijaa machungwa, ndizi na mapapai. Kila aliyekuja aliketi, akashika kisu, akamenya, akampa kipande kimoja kimoja. Mzee ambaye angeweza kumaliza mwezi mzima bila tunda akawa anakula kila siku, tena anayaulizia mwenyewe. Aliporudi nyumbani tuliendelea kununua machungwa yaleyale. Yakakaa kwenye ungo mpaka yakasinyaa. Hapakuwa na wa kummenyea, na yeye katika umri wake wote hakuzoea kujimenyea. Jambo lile lilinichoma sana, kwa sababu mmoja wa waliopita mbele ya ungo ule nilikuwa mimi.

Tangu hapo nimekuwa nikiangalia. Basi likisimama Segera, vijana huja dirishani na machungwa yaliyokwisha kumenywa. Unakatiwa kwa juu, unafyonza. Abiria wananunua matano matano. Hao hao, wakifika nyumbani na kiroba kizima, hawagusi hata moja. Mjini nako tikiti na nanasi la kukata linakwisha kabla ya adhuhuri, ingawa ukinunua nanasi zima unapata zaidi kwa fedha ileile. Ndiyo maana huniuma kipindupindu kinapoingia, kama ilivyokuwa Dar es Salaam mwaka 2015, kwa kuwa matunda ya kukata ndiyo watu huanza kuyaogopa, na kwa haki. Mwenye genge angekuwa na maji safi ya bomba karibu, watu wa mtaa ule wangekula matunda zaidi kuliko kwa mabango yote ya hospitali.

Kwenye mboga za majani kazi ni kubwa zaidi. Mchicha uchambuliwe, uoshwe maji matatu mchanga utoke, na maji yenyewe wengine tunanunua kwa ndoo. Kisha unanywea, fungu la kujaza mikono miwili linabaki kijiko cha upawa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, viazi na muhogo bila kuhesabiwa. Kwa familia ya watu sita, nani atachambua yote hayo akishuka kwenye daladala saa moja usiku? Kisamvu ndiyo kabisa: lazima kitwangwe na kichemke sana, kwa kuwa majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi, na hapo hakuna njia ya mkato. Mtaani kwetu yupo mama anayeuza kilichokwisha kutwangwa. Ukichelewa magharibi, hukikuti. Nairobi nako nilipokwenda kumtembelea mdogo wangu nilimwona mama mboga akiwakatia wateja sukuma wiki nyembamba kama nyuzi, nao wanamsubiri.

Lugha yetu nayo inachangia. Ukiuliza "leo mboga gani?" unaweza kujibiwa dagaa, au nyama. Mboga kwetu ni chochote cha kushushia ugali, hivyo mchicha unashindanishwa na nyama, na mbele ya mgeni unashindwa. Nimeona akina mama wakificha sufuria ya matembele mgeni akibisha hodi. Mboga iliyopikwa kwa nazi na mkono mzuri haistahili kuonewa haya.

Bei siipuuzi, wala msimu. Embe za Desemba hazifanani na za Julai, na Wagogo waliokausha mlenda wao kwa ajili ya kiangazi walijua hilo zamani sana. Lakini hata embe zikiwa za kuokota, nimeona zinavyoozea chini ya mti huku watu wazima wakisema hizo ni za watoto.

Baba sasa anaishi kwangu. Mume wangu na kijana wetu wa miaka 14 wanapokezana kisu, na sinia la matunda linawekwa mezani kila baada ya chakula cha usiku. Juzi nilimkuta mzee mwenyewe barazani, anammenyea mjukuu wake mdogo chungwa. Ganda lilikuwa linamkatikakatika, na mtoto ametulia anangoja.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam