Ekzosi mpya: mvumo mnene, nguvu imepungua

Mkuu, umesema pikipiki yako ni ya cc 150 yenye kabureta, umefunga ekzosi nzima ya bomba pana, mvumo umependeza ila mlimani imekuwa nzito, na ukiachia mafuta inapiga vishuti, yaani milipuko midogo kwenye ekzosi. Hayo ni magonjwa mawili.

Uzito wa mlimani unatokana na upana wa bomba. Kwenye injini ya stroki nne, moshi unaotoka kwa kasi huacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo ndio unaosafisha silinda pale valvu zote mbili zinapokuwa wazi kwa kitambo. Bomba likizidi upana, kasi inashuka na mvuto unafifia kwenye mzunguko wa chini, ambako ndiko injini yako inakoshinda. Wapo watakaokwambia injini inataka "kuzuiliwa kidogo". Si kweli, inachotaka ni kasi ya moshi. Rudisha bomba la kiwandani linalotoka kwenye hedi (kichwa cha injini), ubadilishe mafla tu, yaani kopo la nyuma la kupunguza sauti.

Kuhusu vishuti, usikimbilie kabureta. Washa injini ikiwa ya baridi, ziba mdomo wa mafla kwa kitambaa kinene sekunde mbili tatu, usikilize pale bomba linapokutana na hedi. Ukisikia chi-chi-chi, au ukiona masizi meusi yamechora mstari hapo, panavuja: ukiachia mafuta hewa inanyonywa hapo na kulipua petroli ambayo haikuungua. Gasketi, ile pete ya kuziba kiungo hicho, ikishabanwa mara moja imeshalala, weka mpya.

Kwenye kufunga ndipo wengi wanapoharibu. Tundika kila kitu kikiwa kimelegea, kisha kaza nati mbili za hedi kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule. Halafu klampu ya kiungo. Bolti inayoshika mafla kwenye chesisi ni ya mwisho kabisa. Ukianza na hiyo, bomba linakaa kwa kulazimishwa, na baada ya wiki kadhaa za mtikisiko linapasuka kwenye weldi au stadi, ile bolti inayobeba nati, inakatika ndani ya hedi. Injini ikishapata moto na kupoa, zipitie nati upya.

Kama hapavuji na bado inapiga, mchanganyiko una petroli kidogo. Skrubu ndogo ya kabureta ikiwa upande wa injini, inapima petroli: ifungue robo mzunguko. Ikiwa upande wa ea klina, inapima hewa: ifunge robo. Ukikosea upande unaongeza ugonjwa.

Jeti kuu, yaani kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli ukifungua mafuta yote, ipime kwa plagi. Sehemu salama, fungua mafuta yote kwenye gia ya juu, kisha bana klachi na uzime injini papo hapo, ufungue plagi. Kauri ya ncha ya plagi ikiwa kahawia nyepesi, acha. Ikiwa nyeupe pe, panda hatua moja ya jeti, mfano namba 100 hadi 105, usirukie 120. Ikiwa nyeusi kavu, umezidisha. Bomba kugeuka samawati pekee si ushahidi, chuma chembamba hubadilika rangi hata mchanganyiko ukiwa sawa.

Sauti ikiwa kali, rudisha kile kipande cha ndani kinachofungwa kwa skrubu moja mdomoni mwa mafla. Ikianza kukwaruza baada ya miezi, pamba ya kioo iliyo ndani ya mafla imeungua: ng'oa riveti, zungushia nyingine bila kuishindilia, maana ikikazwa sana hainyonyi sauti.