Parachichi chungu, na hofu ya mafuta yake

Dada, umeuliza kwa nini parachichi lako huwa chungu na jeusi, na kama mafuta yake yanaziba mishipa.

Parachichi haliivi mtini, huiva likishachumwa. Likichumwa changa, ngozi hukunjamana na nyama hubaki kama mpira. Hilo halina dawa. Lililokomaa lifunge kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu, siku 2 hadi 4, na usilitie friji kabla halijaiva. Bonyeza taratibu karibu na kikonyo. Rangi isikudanganye: parachichi la aina ya Hass hugeuka jeusi, lakini la aina ya Fuerte hubaki kijani hata likiiva.

Weusi wa ndani ukishakata ni hewa tu. Kamulia ndimu, kisha bandika nailoni igusane na nyama yenyewe. Uchungu mara nyingi huletwa na moto, kwa hiyo lichanganye na maharage au ndizi baada ya kuepua.

Mafuta yake yanafanana na ya zeituni, wala hayana kolesteroli. Gramu 100 zina kalori kama 160 na nyuzinyuzi gramu 7. Ukila na mchicha au karoti, mwili hufyonza vizuri zaidi karotini inayotengeneza vitamini A. Kinachodhuru ni ile juisi ya parachichi yenye vijiko vinne vya sukari! Mgonjwa wa figo aliyezuiwa madini ya potasiamu, ambayo parachichi linayo kwa wingi, amwulize daktari kwanza.