Swichi bluu au swichi za bluu?

SWALI: Mimi ni mpenzi wa kibodi za kimekanika, zile zenye swichi yake chini ya kila kitufe. Nanunua, nabadilisha swichi, napaka grisi, nikipata nyingine nauza. Juzi niliandika tangazo: "Nauza vibodi viwili vya swichi bluu na kibodi moja ya swichi za nyekundu." Rafiki yangu, mwalimu wa Kiswahili, alicheka sana lakini hakuniambia kosa. Nimekosea wapi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Rangi kwanza, maana hapo ndipo penye utamu. Kiswahili kina rangi tatu zilizo vivumishi halisi: -eupe, -eusi na -ekundu. Hizi huchukua kiambishi cha nomino na kuifuata moja kwa moja: kitufe cheusi, vitufe vyekundu, swichi nyekundu. Nyingine ni majina ya vitu au maneno ya mkopo. Kahawia imetokana na kahawa, kijani na jani, bluu tumeazima. Hazishiki kiambishi, kwa hiyo huegemea "-a" unganifu: swichi za bluu, swichi za kahawia, na zile za kampuni ya Gateron mnazozisifia, swichi za njano.

Tangazo lako limepindua mambo: limeinyima bluu "za" yake, likaipa nyekundu isiyoihitaji. Kama unaipenda sana hiyo "za", sema "swichi za rangi nyekundu". Najua "gari bluu" husikika mitaani kila siku, na katika mazungumzo sina ugomvi nalo. Tangazo ni maandishi.

Tena kwenu rangi si pambo. Cherry, kampuni ya Ujerumani, hutofautisha swichi zake za MX kwa rangi ya kijiti cha ndani, ambacho hukioni mpaka ung'oe kifuniko cha kitufe. Nyekundu hushuka laini moja kwa moja. Kahawia ina kijikwazo njiani. Bluu ina kikwazo na hutoa mlio wa "klik" kila unapobonyeza. Ukiandika "kibodi ya bluu", mnunuzi atadhani unasema rangi ya bodi, kisha ofisi nzima ijue anapoandika barua pepe.

Kuhusu kibodi, wapo wanaoiweka katika ngeli ya KI-VI, kama tulivyofanya kwa kitabu cha Waarabu tukapata vitabu. Wengine huiacha I-ZI, kama kilo, ambayo hakuna aliyewahi kuiita "vilo". Mimi nafuata I-ZI kwa sababu watu husema "kibodi yangu imeharibika", mara chache "kibodi changu". Ukipenda "vibodi viwili", basi umoja wake uwe "kibodi kimoja cha". Wewe umechanganya ngeli mbili katika sentensi moja.

Umefanya vyema kuandika "kimekanika". Wapo waandikao "kibodi ya makanika", nami hubaki namwaza fundi wa gereji akiitafuta kibodi yake.

Andika hivi: "Nauza kibodi mbili za swichi za bluu na moja ya swichi nyekundu."