Maswali ya Wasomaji: Ngowe, Boribo na Twiga wa Tsavo

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Sokoni Kongowea nanunua ngowe, boribo na dodo, na binti yangu ameniuliza kama kila moja ni spishi mbali. Ameuliza tena mbona twiga wa Tsavo na wa Garissa, ambao vitabu viliwaweka pamoja, sasa wanatenganishwa. Naomba ufafanuzi.
Mama msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Maembe hayo yote ni spishi moja, Mangifera indica. Kinachoyatofautisha ni mkono wa mkulima, ambaye akiupenda mti kwa tunda lake hukata kijiti na kukipandikiza juu ya mche mwingine, kwa kuwa kokwa likipandwa tu huenda ukaota mti usiozaa kama mamaye. Tofauti inayodumu kwa sababu watu wanaitunza wataalamu huiita kaltiva, na jina lake hufuata lile la spishi, ndani ya alama za kunukuu: Mangifera indica 'Ngowe'. Kaltiva zina kanuni zake za majina, zilizochapishwa kwanza mwaka 1953.

Mimea kwa jumla ina ngazi nyingine chini ya spishi, yaani nususpishi, varieti na fomu. Kwa wanyama, kanuni hukubali nususpishi peke yake, yenye jina la maneno matatu. Mbega wa Diani, kwa mfano, ni Colobus angolensis palliatus. Kwa kawaida nususpishi huwa na eneo lake, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kuangalia rangi tu. Chui mweusi wa Laikipia si nususpishi, kwani weusi wake hutokana na jeni ya kurithi, na mama mmoja aweza kuzaa kwa pamoja mtoto mweusi na mwenye madoa.

Twiga walihesabiwa kwa miaka mingi kuwa spishi moja yenye nususpishi tisa. Uchunguzi wa jeni na wa mafuvu ulipoonyesha kwamba makundi yao yametengana kwa muda mrefu mno, shirika la uhifadhi la IUCN lilitambua spishi nne mwaka 2025: wa Tsavo ni Giraffa tippelskirchi, na wa Garissa, mwenye mabaka yaliyogawanywa na mistari kama wavu, ni Giraffa reticulata. Nauunga mkono uamuzi huo kwa dhati, kwa sababu kundi linalopungua halitafichika tena ndani ya hesabu ya twiga wote wa Afrika.