Jibu kwa anayejiandaa na triathloni fupi: niliyoyapata baharini Kigamboni

Ndugu, umeuliza kama mtu wa miaka 40, aliyejifunza kuogelea ukubwani na mwenye baiskeli ya kawaida ya gia, anaweza kujiandaa kwa wiki 8 akamaliza triathloni fupi inayoanzia baharini. Nilishiriki mashindano ya namna hiyo Kigamboni, Dar es Salaam, mwezi Agosti, nikiwa na miaka 42, na hali yangu ilifanana sana na yako. Baiskeli na mbio zitakuchosha, lakini utazivumilia. Kitakachoamua siku yako ni bahari, kwa hiyo nitaizungumzia zaidi ya mambo mengine yote.

Kwa wasomaji wengine wasioufahamu mchezo huu, triathloni fupi ni kuogelea mita 750, kuendesha baiskeli kilomita 20 na kukimbia kilomita 5, mfululizo, na saa haisimami hata unapobadilisha viatu. Ni nusu kamili ya umbali unaotumika katika Michezo ya Olimpiki tangu mchezo huu ulipoingizwa Sydney mwaka 2000.

Nilipoanza mazoezi, wiki 14 kabla ya siku yenyewe, nilihesabu kwamba mita 750 ni kwenda na kurudi katika bwawa la mita 25 hadi zitimie safari 30. Baada ya wiki 6 niliweza kuzimaliza bila kusimama, nikaamini kwamba suala la kuogelea limekwisha. Jumamosi iliyofuata nilikwenda ufukwe wa Mjimwema saa 4 asubuhi ili nijaribu umbali uleule baharini, nikakuta maji yametoka mbali kabisa, mchanga na miamba viko wazi, na watu wanaokota chaza. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona nyavu aliniuliza natafuta nini, na nilipomweleza aliniuliza tena, kwa upole, kama nilikuwa nimeutazama mwezi kabla ya kutoka nyumbani.

Yale aliyonifundisha asubuhi ile yamenifaa kuliko video zote nilizowahi kutazama. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa sana alfajiri na hukupwa sana mnamo saa 4 asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, tofauti hiyo hupungua sana na bahari hutulia. Kila siku maji hujaa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kuliko siku iliyotangulia, kwa hiyo anayeifahamu tarehe ya mwezi anaweza kukadiria saa ya kuogelea akiwa bado kitandani. Mzee aliniambia pia nisiingie majini wakati maji yanakupwa kwa nguvu, kwa sababu wakati huo bahari yenyewe humvuta mtu kwenda nje, na mwogeleaji aliyechoka hutambua jambo hilo akiwa amekwisha kuwa mbali na pwani. Kuanzia siku hiyo niliogelea mara mbili kwa wiki baharini, maji yakiwa yanajaa, sambamba na ufukwe mahali ninapoweza kusimama, na sikuingia hata mara moja bila mtu wa kuniangalia kutoka nchi kavu.

Siku ya mashindano waandaaji walikuwa wamechagua vizuri. Ilikuwa siku chache baada ya bamvua, maji yalikuwa yakimalizia kujaa, na tulianza saa 1 kamili asubuhi. Njia ilikuwa ya pembetatu iliyowekewa maboya makubwa ya rangi ya machungwa: kutoka nje hadi boya la kwanza, kufuata pwani kuelekea kaskazini hadi la pili, kisha kurudi ufukweni. Tulikuwa kama watu 60, na wote tuliingia kwa pamoja.

Katika mita 100 za kwanza niliwahi kupigwa teke kwenye miwani, maji ya chumvi yakanijaa jicho moja, nikafungua kinywa kuvuta hewa wakati wimbi linapita. Nilimeza maji. Pumzi ilinikatika kwa namna ambayo sikuwahi kuipata bwawani; kifua kilibana, mikono ikawa inapiga maji bila mpangilio, na nilisikia sauti ndani yangu ikiniambia nirudi haraka ufukweni, ingawa kurudi kulimaanisha kupita katikati ya watu wote walionifuata. Kilichoniokoa ni zoezi moja ambalo nilikuwa nikilifanya mwanzoni mwa kila kipindi bila kujua thamani yake: kulala chali juu ya maji na kuhesabu pumzi 20. Nililala chali. Nilipofika pumzi ya 12 moyo ulianza kushuka. Msaidizi mmoja mwenye kayaki alisogea, nikaishika kwa muda wa nusu dakika. Usiogope kufanya hivyo, kwa kuwa kanuni zinaruhusu mshindani kushika chombo na kupumzika, mradi tu chombo hicho kisimsogeze mbele.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu si dogo. Kumbukumbu za mchezo huu nchini Marekani zinaonyesha kwamba vifo vilivyotokea mashindanoni vilitokea zaidi wakati wa kuogelea kuliko wakati wa baiskeli au mbio, na baadhi ya waliofariki waligundulika baadaye kuwa na matatizo ya moyo ambayo hayakuwa yamejulikana. Kabla ya kulipa ada yoyote, nenda ukapimwe moyo na shinikizo la damu. Ukiwa na umri wetu huu, gharama hiyo ndiyo ya kwanza, kabla ya viatu na kabla ya tairi.

Baada ya boya la kwanza niliogelea polepole, nikiinua macho kila baada ya mikono 8 kutafuta alama. Boya lenyewe hufichwa na mawimbi, kwa hiyo ni afadhali kuchagua kitu kirefu kilicho nyuma yake katika mstari uleule. Mimi nilichagua mnazi mmoja uliosimama peke yake. Hata hivyo mkondo wa pwani yetu hutiririka kuelekea kaskazini, nao huongezeka nguvu wakati wa kusi, yaani msimu wa upepo utokao kusini, na Agosti ni kusi. Ulinisukuma nikalipita boya la pili kwa mita kama 30, na kulirudia dhidi ya mkondo kulinichukua muda mrefu na nguvu nyingi. Mwenye kujua mkondo hulenga mahali palipo kabla ya boya, upande mkondo unakotoka, kisha huuacha mkondo umsukume hadi kwenye boya. Nilitoka majini baada ya dakika 24 na sekunde 30. Bwawani umbali huohuo nilikuwa nikiumaliza kwa dakika 19.

Baiskeli yangu ilikuwa ya milimani, ya kuazima, nzito. Fundi baiskeli wa mtaani kwetu alibadilisha tairi zenye meno akaweka nyembamba zisizo na meno, akakaza breki na kupaka mnyororo mafuta, na kazi hiyo pekee ilinipa mwendo ambao sikuutarajia. Huhitaji baiskeli ya mashindano. Unachohitaji ni tairi zilizojaa upepo, tyubu ya akiba na mazoezi ya kuziba pancha mwenyewe, kwa sababu msaada wa nje hauruhusiwi. Kofia ngumu ivaliwe na mkanda wake ufungwe kabla hujaigusa baiskeli, na usiufungue hadi utakapoirudisha mahali pake. Niliona kijana mwenye mbio nzuri akisimamishwa kwa kosa hilo. Usikae nyuma ya mwenzako kujikinga na upepo, maana kwa washiriki wa kawaida hilo nalo ni kosa katika mashindano mengi.

Njia ilielekea upande wa Gezaulole kisha ikageuza, na upepo wa kusi ulitupiga usoni kwenda kote. Nilitumia gia nyepesi na kukataa kushindana na walionipita, na wakati wa kurudi upepo uleule ulinisaidia. Kilomita 20 zilinichukua dakika 52 na sekunde 20.

Kukimbia kuna jambo moja tu ambalo hutaliamini hadi likupate. Unaposhuka kwenye baiskeli, miguu huwa mizito kana kwamba si yako, na hali hiyo hudumu kilomita nzima au zaidi. Dawa yake ni kuizoea: kila unapomaliza mazoezi ya baiskeli, vaa viatu na ukimbie dakika 10 papo hapo. Nililifanya zoezi hilo mara 3 tu katika wiki zote 14, na ndiyo sababu nilikimbia kilomita 5 kwa dakika 33 na sekunde 40, wakati kwa kawaida natumia 27. Pamoja na dakika 6 nilizotumia katika mabadiliko mawili, yaani kutoka majini kwenda kwenye baiskeli na kutoka kwenye baiskeli kwenda kwenye mbio, nilimaliza kwa saa 1, dakika 56 na sekunde 30. Nilivuka mstari nikilia, na sioni haya kulisema, kwa kuwa miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa sithubutu kuingia maji yanayozidi kiuno.

Sasa kuhusu wiki zako 8. Kwa baiskeli na mbio zinatosha, ikiwa tayari unafanya mazoezi mara kwa mara. Kwa bahari, jipime wiki 3 kabla ya siku: uogelee mita 750 bwawani bila kusimama, kisha, siku nyingine, maji yakiwa yanajaa na ukiwa na mwenzako anayejua kuogelea kukuzidi, ulale chali baharini kwa dakika 5 mahali ambapo miguu haigusi chini. Ukiyaweza yote mawili bila hofu, jiandikishe. Likikushinda mojawapo, waulize waandaaji kama wanapokea timu za watu watatu, kwani mashindano mengi huruhusu mmoja aogelee, mwingine aendeshe na wa tatu akimbie; chukua baiskeli, na kabla ya kwenda kituo chako simama kidogo ufukweni uwatazame waogeleaji wanavyoingia majini.